Vitunguu vya Nyuma ya Nyumba: Mwongozo Kamili kwa Bustani za Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Kata kitunguu kikubwa kwa upana, kisha uhesabu pete zake. Nilichokikata asubuhi hii nikitengeneza chai na mayai kilikuwa na pete tisa. Karibu kila pete ilianza kama kitako cha jani moja. Jani la kijani husimama juu, kitako chake hukaa chini, na msimu ukifika vitako hivyo hunenepa kwa pamoja na kuwa kichwa unachokijua. Mmea ulioingia msimu huo ukiwa na majani manne utakupa kitunguu cha ukubwa wa ndimu, hata uumwagie gunia zima la mbolea. Wenye majani tisa au kumi yenye afya utakupa kitunguu cha kujaza kiganja.

Ningejua hilo mapema ningeokoa misimu mitatu. Nilikuwa nikishughulika na kichwa: kukifukia, kukipa mbolea kilipoanza kuonekana, kukichungulia kila siku. Kumbe kazi yote ya mkulima ni majani, na kazi hiyo huisha kabla kichwa hakijaanza. Mwongozo huu umejengwa juu ya hilo. Nalima nyuma ya nyumba hapa Nakuru, kwenye udongo wetu mwepesi wa majivu ya volkeno, lakini nimeweka pia maelezo ya walio Kisumu, Kakamega na Vihiga pale mambo yanapotofautiana.

Kipimo nitakachotumia ni tuta moja la mita 1 kwa mita 5. Tuta hilo hubeba takriban vitunguu 300. Nyumba inayotumia viwili kwa siku itakula miezi mitano.

Mbegu inayoijua ikweta

Kitunguu hupima urefu wa mchana. Kuna aina ambazo hazianzi kutengeneza kichwa mpaka mchana ufike saa 14 au zaidi, na hizo ndizo zinazolimwa Ulaya ya kaskazini wakati wa kiangazi chao. Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana wetu ni takriban saa 12 mwaka mzima, Januari kama Julai. Kwa hiyo tunahitaji aina za mchana mfupi.

Shemeji yangu aliwahi kuniletea pakiti nzuri sana ya mbegu kutoka Uingereza, yenye picha ya kitunguu kama mpira wa miguu. Nilisia, nikapandikiza, nikatunza. Mwezi wa sita mimea ilikuwa imesimama kijani, minene, mirefu kufika magotini, na chini hakuna kichwa hata kimoja. Tuliyala majani yake kwa mayai mpaka yakaisha. Mbegu haikuwa mbovu. Ilikuwa inangoja mchana mrefu ambao Nakuru haujawahi kuwa nao.

Katika agroveti zetu utapata Red Creole, ambayo ni nyekundu, kali, bapa kidogo, na hukaa ghalani vizuri. Hiyo ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Bombay Red nayo ni maarufu na hustahimili joto, kwa hiyo wa Kisumu waiangalie. Mbegu chotara kama Red Pinoy na Jambar huwahi kukomaa, takriban miezi mitatu baada ya kupandikiza, na hutoa vichwa vinavyolingana, lakini bei yake ni ya juu na kwa tuta moja la nyumbani sioni kama ni lazima. Texas Grano ni kubwa, tamu, nzuri kwa kachumbari, ila haikai. Ukiipanda, uile upesi.

Mbegu ya kitunguu huzeeka haraka kuliko karibu mbegu zote za bustani. Baada ya mwaka mmoja uwezo wake wa kuota huanza kushuka, na baada ya miwili usiitegemee. Mwaka fulani nilinunua mbegu iliyopimwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililokuwa wazi dukani. Nilimwagilia kitalu wiki tatu, zikatoka magugu tu. Tangu hapo nanunua pakiti iliyofungwa, nasoma tarehe, na bado naijaribu kabla ya kusia. Weka mbegu 20 juu ya kitambaa kibichi, kikunje, kitie kwenye mfuko wa plastiki na ukiweke mahali penye joto jikoni. Baada ya siku 7 hadi 10, hesabu. Zikiota 14 au zaidi, endelea. Zikiota chini ya 10, tafuta nyingine. Usijidanganye kwamba utasia nyingi kufidia, maana hata zile zitakazoota zitakuwa dhaifu.

Swali ninaloulizwa kila mara: je, kile kitunguu kilichochipua kikapuni kinaweza kupandwa? Kinaweza, lakini hakitakupa kitunguu kipya kikubwa. Kitunguu ni mmea wa misimu miwili: wa kwanza hujenga kichwa, wa pili hutumia kichwa hicho kutoa ua na mbegu. Panda chako kilichochipua kwenye kopo karibu na mlango wa jikoni, ukate majani ya kitunguu kwa ajili ya supu. Ni matumizi mazuri. Usikisubiri zaidi ya hapo.

Lini

Panga kwa kurudi nyuma. Kitunguu kinataka maji wakati wa majani na ukavu wakati wa kuvuna. Nakuru miezi ya jua kali ni Januari na Februari, kabla mvua ndefu hazijaanza Machi. Basi vuno langu kuu nalipanga Februari. Red Creole huchukua takriban miezi mitano tangu kusia, kwa hiyo nasia kitalu mwanzoni mwa Septemba, napandikiza mwisho wa Oktoba au mapema Novemba, mvua fupi zinanisaidia kuotesha majani, halafu Desemba na Januari namwagilia mwenyewe.

Unaweza kusia wakati mwingine, hasa kama una maji. Lakini vitunguu vinavyokua katikati ya mvua za Aprili na Mei hupatwa sana na magonjwa ya ukungu, na vile vinavyokomaa mvuani huozea shingoni. Kuna pia suala la baridi. Walio Mau Narok, Molo na sehemu za juu za Njoro wanajua usiku wa Julai ulivyo. Mche ambao umeshakuwa mnene kuliko penseli ukipigwa na baridi ya wiki kadhaa huamini kwamba msimu wake wa kwanza umepita, nao hutoa ua. Kitunguu kilichotoa ua huwa na mti mgumu katikati na hakihifadhiki. Kule juu pandikiza miche midogo, na uepuke kuwa na mimea mikubwa shambani mwezi wa saba.

Kisumu hali ya baridi haiwahusu. Joto la ziwani huharakisha kukomaa, na kalenda ya kuvuna Januari hadi Februari inafaa huko pia.

Kitalu

Gramu 1 ya mbegu ina takriban mbegu 250 hadi 300. Kwa tuta letu la vitunguu 300, sia gramu 2, upate miche ya ziada ya kuchagua.

Tengeneza kitalu cha mita 1 kwa mita 1, kilichoinuka kidogo. Changanya udongo na mboji iliyooza kabisa na kuchekechwa. Chora mistari yenye nafasi ya sentimita 15, kina cha sentimita 1 tu. Dondosha mbegu moja moja, karibu sentimita 1 kati yake. Watu wengi hurusha kiganja kizima kama wanasia sukuma wiki, kisha miche hubanana, hurefuka bila kunenepa, na ugonjwa wa kinyausi huipitia kama moto. Fukia kwa udongo laini, tandaza nyasi kavu juu, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo.

Kati ya siku ya 7 na ya 10, inua nyasi utazame kwa karibu. Kitunguu hakichomozi kama mahindi. Hutoka kikiwa kimekunjwa, kama uzi wa kijani uliopinda kutengeneza goti, ncha ikiwa bado imeshikwa na udongo na ganda jeusi la mbegu. Siku chache baadaye goti hunyooka, na mara nyingi lile ganda jeusi hubaki limening'inia kileleni. Ukiona magoti ya kwanza, ondoa nyasi jioni hiyohiyo. Ukichelewa siku mbili, uzi huo utakuwa umejisokota ukitafuta mwanga na hautasimama tena vizuri.

Mwagilia asubuhi, si jioni, ili uso wa kitalu ulale mkavu. Miche ikianza kuanguka kwa makundi, shina likiwa jembamba na laini pale linapokutana na udongo, hiyo ni kinyausi. Punguza maji, punguza msongamano, ondoa iliyoanguka pamoja na udongo wake. Katika wiki ya sita anza kupunguza maji taratibu ili miche izoee ugumu. Iko tayari ikiwa na wiki 6 hadi 8, urefu wa sentimita 15 hivi, unene wa kukaribia penseli.

Tuta

Wakati kitalu kinakua, andaa tuta. Kitunguu kina mizizi mifupi na myepesi, mingi ikiwa ndani ya sentimita 20 hadi 30 za juu. Hakiwezi kujitafutia mbali, kwa hiyo unachokitaka kifikie lazima ukiweke hapo juu.

Lima mpaka udongo uwe laini, ondoa mawe na mizizi ya sangari. Changanya debe moja hadi mawili ya samadi iliyooza kabisa kwa tuta zima, ile ambayo ukiishika haina joto na haina harufu ya zizi. Samadi mbichi huleta mbegu za magugu, na nitrojeni yake hutoka kwa kuchelewa, wakati hasa ambapo kitunguu hakiihitaji tena.

Ukitumia mbolea ya kupandia aina ya DAP, gramu 100 zinatosha kwa tuta letu. Kifuniko cha chupa ya soda hubeba takriban gramu 5, kwa hiyo ni vifuniko 20. Ichanganye na udongo ndani ya mistari kabla ya kupandikiza ili isiguse mizizi moja kwa moja.

Ndugu zetu wa Kakamega na Vihiga, udongo wenu mwingi una asidi. Kitunguu kinataka pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, ya takriban 6 hadi 6.8. Pima udongo, na kama iko chini sana tia chokaa ya kilimo mapema, miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda. Walio kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Kano na Ahero, inueni tuta sentimita 20 hadi 30 na mchanganye mboji nyingi, maana udongo huo hushika maji kama bakuli kisha hupasuka ukikauka. Kwetu Nakuru shida ni kinyume chake: maji hupita kama kwenye chujio, kwa hiyo mboji ni ya kushika unyevu.

Usipande mahali palipokuwa na vitunguu, vitunguu saumu au liki. Ngoja miaka mitatu. Palipotoka maharagwe au mahindi ni pazuri.

Kama huna ardhi, beseni au gunia lenye kina cha sentimita 25 na matundu chini linatosha. Fuata nafasi za tuta nitakazotaja hapa chini, ila uangalie maji kila siku.

Kupandikiza

Chagua jioni au siku ya mawingu. Lowesha kitalu saa chache kabla, kisha inua miche kwa uma au kijiti, usiivute. Panga kwa ukubwa. Ile midogo kama uzi usiitie kwenye tuta, kula majani yake nyumbani. Ile minene kuliko penseli pia iache, ndiyo huwahi kutoa ua.

Nafasi yangu ni sentimita 15 kati ya mistari na 10 kati ya mche na mche. Wakulima wa mashamba makubwa huacha 30 kati ya mistari ili jembe lipite, lakini nyumbani tunapalilia kwa mkono.

Kina ndicho hukosewa zaidi. Toboa shimo kwa kidole, ushushe mche mpaka pale weupe unapoanza kugeuka kijani, sentimita 2 au 2 na nusu tu, mizizi ikiangalia chini. Ukiuzamisha hadi katikati ya majani, kichwa kitabanwa na kutoka kirefu kama chupa. Bana udongo kwa vidole viwili na umwagilie mara moja.

Siku tatu au nne za kwanza miche italala kana kwamba imekufa. Majani ya nje yatakauka ncha. Usiogope, na usizidishe maji. Jani jipya la katikati likianza kusimama wima, mche umeshika.

Asubuhi za mwanzo pitia tuta. Ukikuta mche umekatwa pale chini kama kwa wembe na umelala kando, fukua udongo uliouzunguka kwa vidole, sentimita mbili au tatu. Utamkuta sota, kiwavi mnene wa rangi ya udongo, amejikunja kama pete. Muondoe. Usipomuondoa, usiku unaofuata atakata wa pili na wa tatu katika mstari uleule.

Wiki nane za majani

Sasa tumefika kwenye kiini. Kuanzia kupandikiza hadi wiki ya nane hivi, kila mmea unajenga majani yake, na hiyo ndiyo nafasi pekee uliyo nayo.

Maji kwanza. Tuta letu linahitaji karibu lita 125 kwa wiki kama hakuna mvua. Nimelirahisisha hivi: mitungi 2 ya lita 20, mara 3 kwa wiki. Mtaani kwetu maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hiyo siku za tuta nimezilinganisha na siku za maji. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa, ya sabuni hapana. Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili. Kukiwa kukavu hapo, umechelewa. Kitunguu kilichokauka kisha kikafurikishwa hupasuka na kutoa vichwa viwili viwili. Mwagilia chini, kati ya mistari, majani yabaki makavu.

Nikipata majani makavu ya ngano kutoka Njoro baada ya mavuno, huyatandaza kati ya mistari kwa unene wa vidole viwili. Yanashika unyevu, yanazuia magugu, na nimeona vithiripi, vijidudu vinavyonyonya majani, hupungua. Utang'oa miche ya ngano michache itakayoota, si tatizo.

Magugu ni adui mkubwa kuliko mdudu yeyote. Majani ya kitunguu ni membamba na yamesimama, hayatoi kivuli cha kuyazuia. Wiki sita za mwanzo palilia kila wiki kwa mkono au kwa kisu kifupi, juu juu. Jembe likizama sentimita tano umeshakata mizizi.

Mbolea ya kukuzia, CAN, naitoa mara mbili tu: wiki ya tatu na wiki ya sita. Kila mara gramu 50 kwa tuta zima, yaani vifuniko 10 vya soda, zikinyunyizwa kati ya mistari, sentimita 5 kutoka kwa mimea, kisha maji. Baada ya hapo funga gunia. Nitrojeni ikiendelea kuingia, mmea huendelea kutoa majani badala ya kunenepesha vitako, shingo huwa nene kama kidole gumba, na kitunguu hicho hakitakauka ghalani. Kama hutumii mbolea ya dukani, loweka samadi kwenye ndoo siku kumi, uchanganye na maji mara mbili ya wingi wake, umwagie kwa ratiba hiyohiyo.

Halafu vithiripi. Fungua majani mawili machanga ya katikati kwa vidole, pale yanapoungana, na usogeze jicho. Utaona vijidudu vya rangi ya manjano hafifu, vyembamba, urefu wa milimita moja hivi, vikikimbia kuingia chini zaidi. Vinakwangua jani na kunyonya utomvu. Jani hupata michirizi ya fedha, baadaye hugeuka kama majivu na kujikunja. Kila jani linaloharibika ni pete inayokonda, ndiyo maana siwezi kuvipuuza. Huzidi Desemba na Januari, jua linapokaa wiki bila mvua.

Silaha yangu ya kwanza ni maji: asubuhi na mapema nanyunyiza kwa nguvu katikati ya mmea, ili majani yakauke mapema kwa jua. Ni mara hizo tu ninapoyalowesha. Ya pili ni dawa ya pareto, na kwetu Nakuru pareto ni zao la nyumbani. Nyunyiza jioni, kwa sababu mwanga wa jua huivunja nguvu haraka, na uelekeze ncha ya bomba kwenye kitovu cha mmea. Dawa iliyotua juu ya majani haimfikii aliyejificha ndani. Majani ya kitunguu yana nta, matone huteleza, kwa hiyo ongeza matone machache ya sabuni ya maji. Rudia baada ya wiki, maana mayai yamo ndani ya jani na dawa haiyafikii. Ukinunua dawa nyingine yoyote, soma kwenye lebo siku za kungoja kabla ya kuvuna, na uziheshimu, hasa kama watoto huchuma majani ya kitunguu bustanini.

Ugonjwa wa kuangalia ni madoa ya zambarau: doa refu lenye umbo la yai, limebonyea, zambarau katikati na mzingo wa manjano, jani hukatika hapo. Hufuata unyevu wa majani. Ukiona doa la kwanza, kata jani hilo, litoe nje ya bustani, acha kumwagilia kwa juu. Mvua ikiendelea, tumia dawa ya ukungu yenye shaba kwa kipimo cha lebo. Ubwiri vinyoya, ule unaoonekana kama manyoya ya kijivu kwenye jani asubuhi za baridi, unataka hatua zilezile.

Kichwa kinapoanza

Siku moja utaona udongo umepasuka kidogo kuzunguka shingo. Kichwa kimeanza. Hapa mkono hukuwasha kufukia. Msimu wangu wa kwanza nilipandishia udongo tuta zima mpaka vichwa vikafichika, nikajisifu. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Bahati, akapiga goti, akaanza kuufukua kwa vidole bila kusema lolote. Alipomaliza mstari mmoja akaniambia, "Mwanangu, hiki si kiazi. Kiache kikalie udongo."

Nikamwambia, "Sawa, mama," nikamaliza mistari iliyobaki.

Kitunguu hunenepa juu ya udongo, nusu yake ikiwa nje. Kikifukiwa hubanwa, hakipati rangi, na shingo huoza. Endelea na maji kwa kipimo kilekile, magugu yang'oe taratibu, na usiongeze chochote. Mmea utakaotoa mti wa ua, uvunje ua na uule mmea huo wiki hiyohiyo.

Kuvuna na kukausha

Shingo hulegea na majani huanguka yenyewe yakiwa bado na ukijani. Yakianza kuanguka, simamisha maji kabisa. Nusu ya tuta hadi robo tatu yakiwa yamelala, ngoja wiki moja, kisha vuna asubuhi ya jua. Wako wanaokanyaga majani ili kuharakisha. Mimi nakataa. Shingo iliyovunjwa kwa mguu ni jeraha, na ukungu huingilia hapo.

Inua kwa uma, kung'uta udongo, usioshe. Usikate majani bado, maana mmea bado unayashusha yaliyomo ndani ya majani kuingia kwenye kichwa. Vilaze kwenye tuta siku moja au mbili, majani ya mstari mmoja yakifunika vichwa vya mstari mwingine, kwa sababu jua la Februari huchoma kitunguu kikawa na doa laini kama kilichochemshwa. Kisha vihamishie barazani au chini ya mabati penye upepo, juu ya wavu au kitanda cha vijiti, tabaka moja, siku 10 hadi 14.

Kipimo ni shingo. Ibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada na uisugue. Ikiteleza ndani, kuna unyevu bado. Ikiwa kavu na inatoa sauti ya karatasi, iko tayari. Msimu mmoja nilikuwa na haraka ya safari, nikafunga kwenye gunia siku ya tano. Niliporudi baada ya wiki tatu nilinusa kuoza kabla ya kufungua mlango, na zaidi ya nusu ya gunia ilikwenda shimoni.

Kata majani ukiacha sentimita 2 au 3 za shingo, na punguza mizizi.

Kuhifadhi

Panga mafungu mawili siku hiyohiyo. Vyenye shingo nene, vilivyopasuka, vilivyogawanyika na vilivyojeruhiwa na uma ni vya kula kwanza. Vigumu, vyenye shingo nyembamba na ganda kamili ndivyo vya kuhifadhi. Vitie kwenye nyavu, kilo tano tano, uvitundike penye hewa na kivuli. Mwenye kamba ya katani anaweza kuacha majani na kuvisuka mkungu. Hupendeza na hukaa vizuri vilevile.

Usiviweke kwenye mfuko wa plastiki, wala karibu na viazi, wala kwenye friji. Kisumu unyevu wa hewa ni mkubwa kuliko kwetu, kwa hiyo tundikeni kidogo kidogo na mahali upepo unapopita.

Kila Jumamosi napitisha mkono kwenye kila wavu, nabonyeza kimoja kimoja. Kilicholainika au kilichochungulia kijani kinakwenda jikoni siku hiyo. Vile vya Februari hunifikisha Juni, mara nyingine Julai, na nyavu zikibaki mbili nakwenda kununua pakiti ya Septemba, nikiwa na mbegu 20 za kuzikunja kwenye kitambaa kibichi.